Bwana Soksi na Mursik ya Kona ya Ng'ombe

Vijana wa gereji, mliponiaga mlinipa soda, keki na maneno mazuri kuliko yale mliyokuwa mkiniambia nikiwa bado na spana mkononi. Halafu mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi yasije yakapotea. Haya, nimeketi. Mambo ya vyeo nitayaruka, kwa sababu ofisi iliyaandika tayari na jina langu wakalikosea. Nitaanza na mtu aliyenifundisha gari kwa kuliharibu. Mmenisikia nikimtaja kila lori lilipogoma, mkakonyezana mkidhani mzee anaropoka. Anaitwa Bwana Soksi.

Nilitoka kwetu Sosiot kwa miguu, miaka ile ya hamsini, kijana mwenye ndevu za kutafutwa kwa tochi. Gereji ya shamba ilikuwa kibanda cha mabati chini ya kiwanda cha chai, na mkuu wake alikuwa Fundi Oduor, Mjaluo wa pande za Ahero, mtu mnene anayetembea taratibu kana kwamba sakafu ni yake. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kitambaa cha kufutia mikono, akawasha lori, akaniambia nisimame karibu.

"Unasikia nini?"

"Injini, Fundi."

"Injini si jibu. Hata ng'ombe anajua hiyo ni injini. Simama."

Nikasimama mpaka watu wakaenda kula. Waliporudi, bado nimesimama, njaa inanipigia kelele kuliko lori. Alipokuja tena nikamwambia inakohoa, kisha inanyamaza kidogo, kisha inakohoa. Akafungua sanduku lake akanipa spana ya kwanza maishani mwangu. Plagi moja ilikuwa imekufa, na alijua tangu asubuhi.

Sasa muelewe kazi ilikuwa nini, maana ninyi mmekuta lami. Kazi yetu haikuwa magari, ilikuwa majani. Jani bichi la chai likishachumwa linaanza kupata joto ndani ya gunia, na lori likikwama njiani yale majani yanaiva humo humo, kiwanda kinayakataa, na akina mama walionyeshewa tangu alfajiri wanatazama jasho lao likimwagwa shimoni. Na pale pa kukwama palijulikana. Chini ya daraja barabara inapinda halafu inapanda, udongo mwekundu mtupu, na mvua ya Kericho haihitaji kuelezwa. Tulipaita Kona ya Ng'ombe, kwa sababu zamani maksai wa mikokoteni wakifika hapo walilala chini na kukataa kazi. Fundi alinifundisha kufunga minyororo kwenye magurudumu, kusogeza mzigo nyuma juu ya ekseli, na kutandaza matawi ya chai yaliyopogolewa chini ya tairi. Zaidi ya yote alinifundisha kutokanyaga mafuta kwa hasira. Gurudumu likizunguka bure linachimba kaburi lake.

Basi kila Pasaka, wakati mvua imechachamaa, walipita watu ambao hawakuambiwa hayo. Yalikuwa mashindano ya magari. Yalianza Nairobi, yakazunguka nchi, yakarudi Nairobi, na njiani yalitoka upande wa Kiptere yakapita kwetu, yakapanda kwenda Chepseon. Shamba zima lilihamia Kona ya Ng'ombe. Mzee wa kanisa letu, arap Tuiya, aliona hatari hiyo mapema akaiweka ibada alfajiri. Alisema Bwana alifufuka alfajiri, kwa hivyo jambo hilo lina msingi katika Maandiko. Baada ya ibada, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupata mahali pazuri ukingoni.

Pasaka yangu ya kwanza magari yalipita, mengine yakikwama, mengine yakiteleza hadi kwenye chai. Halafu likaja gari dogo lenye mgongo wa kobe, linakuja ubavu mbele. Lilizunguka likatazama lilikotoka, kisha likatulia kwenye tope kwa upole. Akatoka mzungu mfupi, mwekundu wa uso, na miguuni hana viatu. Alivaa soksi nene za sufu zilizovutwa juu ya suruali. Akakanyaga tope letu na soksi zile kama mtu aliye sebuleni kwake.

Tulisukuma. Nilikuwa nyuma upande wa kulia, na kabla hajaingia garini nilishindwa kuvumilia nikamwuliza viatu viko wapi.

"Viatu hapana sikia gari," akaniambia kwa Kiswahili cha walowezi. "Mimi nataka sikia yeye na mguu."

Akanishika begani kwa mkono uliojaa tope, akacheka, akaenda. Jioni tukasikia springi ilivunjika kabla ya Chepseon na gari limelala mtaroni. Lakini mimi nilikuwa nimeshapatikana. Mimi niliyesimama nusu siku nikisikiliza lori kwa masikio, huyu mtu alikuwa anasikiliza kwa nyayo. Lile shati sikulifua mpaka mama aliponinyang'anya nilipokwenda nyumbani.

Fundi Oduor alikuwa na mtu wake, na hapo ndipo tulipoachana. Mtu wake tulimwita Bwana Saa. Alikuwa mrefu, mwenye masharubu yaliyochanwa, na gari lake lilipita Kona ya Ng'ombe bila tope kufika kwenye kitasa cha mlango. Hakupunga mkono. Hakumtazama mtu. Kila mwaka alifika Nairobi, na kila mwaka Fundi alivua kofia yake akipita, jambo ambalo hata Meneja wa shamba hakufanyiwa.

"Huyo ndiye dereva," aliniambia. "Gari likirudi nyumbani, fundi analala. Wako anajua kuanguka tu."

"Akianguka anatusalimia, Fundi."

"Omera, ndugu yangu, salamu haivuki mto."

Mwaka uliofuata Bwana Soksi alipita kwa kishindo, akapunga mkono, akaunguza klachi mbele kidogo. Nilirudi gereji nimenuna nikamwuliza Fundi klachi ni kitu gani hasa. Sijawahi kumwona mtu akifurahia swali namna hiyo. Alinifungulia giaboksi ya lori bovu, akanieleza sahani ile na springi zake hadi nikaziota. Springi za gari nilikuwa nimeshajifunza mwaka wa Chepseon. Pasaka nyingine mkanda wa feni ulimkatikia, nikajifunza mikanda. Mwaka mwingine aligonga ng'ombe kule Kiptere, nikajifunza breki, kwa kuwa ng'ombe hatukuweza kumfungua. Hivyo ndivyo nilivyosoma, vijana. Wengine walienda shule ya ufundi na vitabu. Mimi nilifuata nyayo za mtu mmoja asiyefika, nikijifunza kila kifaa kilichomsaliti.

Nilijaribu hata kuendesha kama yeye. Nilinunua soksi, nikavua viatu, nikapanda lori la majani nisikie gari kwa mguu. Mguu uliteleza kwenye pedali, nikaingia kinyumenyume kwenye kitalu cha miche ya chai. Meneja aliuliza kwa nini sina viatu, na Fundi akamjibu kwa uso mkavu kabisa kwamba kijana anaomboleza.

Watu walinicheka shamba zima. Hata wachuma majani wakinipita waliniuliza, "Na yule wako, safari hii amelala wapi?" Mimi nilicheka nao, lakini iliniuma. Sikuwa nataka ashinde. Nilitaka afike tu. Mara moja tu afike Nairobi kwa magurudumu yake, nimsikie redioni, ndipo nitulie.

Mama alikuwa ananiona. Wakati huo alikuwa amehamia kwangu kwenye nyumba za shamba, na alikuwa na ng'ombe wake mmoja ambaye Meneja alijifanya hamwoni. Karibu na Pasaka ile ninayotaka kuwaeleza, nilimkuta akisugua kibuyu chake kwa mkaa wa mti, akitengeneza mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Ukutani alikuwa ametundika sinendet, ule mtambaa wa kijani ambao sisi Wakipsigis tunamvisha mtu shingoni akirudi na ushindi.

"Nani anarudi?" nikauliza.

"Yule wako wa soksi."

"Mama, yule harudi. Yule anapita."

"Ndiyo maana hafiki," akasema. "Kila mwaka mnamsukuma kama mkokoteni. Nani amewahi kumkaribisha? Mtu ambaye hajapewa maziwa mahali popote, atapata nguvu ya kufika wapi?"

Arap Tuiya alipopata habari alikuja mwenyewe kumkataza. Alisema maziwa yale na sinendet ni vya aliyemaliza kazi, si vya aliye katikati ya safari, na kumvisha mtu kabla ya ushindi ni kutafuta mkosi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwongezea chai.

"Akimaliza, atakuwa Nairobi," akamwambia. "Huko nani ana ng'ombe?"

Mzee akainywa chai. Mimi nilikuwa na hofu nyingine kabisa. Nilimbembeleza mama asimsimamishe, kwamba kwenye mashindano kila dakika inahesabiwa, ampungie tu mkono apite. Akaniambia, "Weri, kijana wangu, mgeni apite mlangoni kwangu bila kunywa, halafu watu waniite nani?" Nikajua hapo nimeshindwa. Usiku na mchana niliomba Mungu Bwana Soksi apite kwa kasi asikamatwe na mama yangu.

Siku ikafika, mvua imenyesha usiku kucha. Ibada ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuhudhuria. Tukapanga mstari ukingoni, mama mbele na kibuyu chake, sinendet mkononi, na kifuko cha unga wa wimbi. Unga huo ulikuwa wa mke wa Bwana Soksi, kwa maana mtu hatumwi nyumbani kwake mikono mitupu.

Tukasikia injini. Gari la kwanza kabisa, mbele ya mengine yote, lilikuwa lile la mgongo wa kobe. Bwana Soksi alikuwa anaongoza. Akaingia Kona ya Ng'ombe kwa mwendo ambao hata Fundi alisema "ala", akapanda nusu, akateleza, akakwama. Tukakimbia kusukuma. Tulipofika, mama na wenzake walikuwa wamesimama mbele ya gari, mikono viunoni.

"Kwanza anywe," mama akasema.

"Mama, tafadhali, anaongoza."

"Ndiyo. Mtu anayeongoza anywe."

Mwenzake wa ramani, kijana mwembamba mwenye saa mbili, alitoa kichwa akapiga kelele za Kizungu ambazo hazikuhitaji kutafsiriwa. Bwana Soksi akatazama wale akina mama, akatazama kibuyu, akazima injini. Alishuka na soksi zake.

"Chamgei," mama akamsalimia.

"Chamgei mising," akajibu, na wanawake wakapiga vigelegele, maana hakuna aliyejua kama anaijua salamu yetu.

Mursik si ya kunywa kwa haraka. Ni nzito, chungu kidogo, ina weusi wa mkaa. Alimeza mara ya kwanza nikaona macho yake yakitafuta njia ya kutoka. Mama akainua kitako cha kibuyu kwa kidole kumsaidia. Akamaliza. Midomo ilikuwa myeusi, sinendet shingoni, unga mkononi, na hapo hapo, kwa upande wa pili wa barabara ambapo hakuna aliyekuwa anatazama, Bwana Saa akapita. Alipita kwenye nyasi, magurudumu mawili ndani ya chai, safi, bila kutazama mtu. Fundi Oduor alivua kofia.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimemngoja mtu huyu kwa miaka, na mama yangu mzazi ndiye aliyemvua uongozi. Bwana Soksi akarukia garini, akawasha, tukaweka mabega. Ndipo nikamwona Fundi ameinamisha kichwa upande mmoja.

Mimi pia nikasikia. Chini ya kelele za watu kulikuwa na mnong'ono, kama sufuria inayoanza kuchemka. Nilimtazama Fundi, naye akatazama kule Bwana Saa alikopotelea, kisha akatazama lile gari lenye tope hadi paani. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine pale aliyesikia, na mtu wake alikuwa ameshatangulia. Akavaa kofia, akaenda dirishani.

"Zima hiyo injini, bwana."

"Hapana! Mimi iko nyuma. Hakuna saa."

"Saa utapata nyingine. Injini ingine huna. Zima."

Gari lile, kwa wale wasiolijua, halikuwa kobe wa kweli, lile gari la injini nyuma lisilotumia maji: hili injini ilikuwa mbele na radieta yake. Fundi alifungua boneti. Jiwe lilikuwa limepiga radieta chini, maji yanatoka kwa uzi mwembamba. Angefika kilima cha Chepseon radieta imekauka, na injini ingekufa kule kule alikolala mwaka wa kwanza. Fundi akaniita kwa jina, mbele ya watu wote, akanipa koleo. Nilijua la kufanya: kubana kile kimrija kilichotoboka, juu ya tundu na chini yake, kukilaza bapa bila kukikata. Maji yakapungua, hayakuisha. Fundi akafungua kifuniko kwa gunia lililoloweshwa, akanyoosha mkono kwa mama.

"Nipe unga."

"Huo ni wa bibi yake," mama akasema.

"Bibi yake anamtaka yeye kwanza."

Akaukoroga kwenye maji, akaumimina kidogo kidogo injini ikiwaka polepole, mama akitazama wimbi lake likiingia kwenye chuma. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama gari hula kila siku au ni leo tu. Ule uzi wa maji ukawa matone, matone yakawa jasho, kisha pakakauka. Unga ulikuwa umekwama kwenye tundu na kuiva.

"Endesha pole hadi juu," Fundi akamwambia. "Chepseon ongeza maji. Ukisikia harufu ya uji ni sawa. Ukisikia harufu ya uji ulioungua, simama."

Bwana Soksi alirudia maneno hayo kama mtoto wa katekisimu. Halafu akamshika Fundi Oduor begani kwa mkono wa tope, tukasukuma, akapanda kona na majani yake shingoni. Magari mengi yalikuwa yameshampita. Fundi alisimama akitazama bega lake, hakulifuta.

Jumanne yake tulishuka Kericho mjini, Fundi na mimi, tukasimama kwenye baraza ya duka lenye redio, katikati ya watu wa sukari na mafuta ya taa. Mtangazaji alisoma waliofika, kuanzia wa kwanza. Majina ya Kizungu, moja baada ya jingine, na hakuna lililokuwa la Bwana Soksi. Sote wawili tulikuwa tunangoja, kwa sababu hata Bwana Saa hakuwa ametajwa. Kisha akasema huyo aliishia njiani, karibu na Gilgil, injini imeungua kwa kukosa maji. Jiwe, nadhani. Mawe ya mwaka ule hayakumbagua mtu.

Jina la mwisho kabisa, wakati mwenye duka ameshanyoosha mkono kuzima, lilikuwa la Bwana Soksi. Alifika wa mwisho, usiku, sherehe zimekwisha. Alifika. Nililia, vijana, mchana kweupe, mwanaume mzima na mikono ya grisi, na mtu mmoja akaniuliza nimefiwa na nani. Fundi akamwambia aniache.

Nilipomwambia mama, aliuliza jambo moja tu, kama soksi zake zilikauka. Arap Tuiya alisema ni Pasaka na mambo kama hayo hutokea.

Pasaka iliyofuata ilipokaribia, nilikuwa nje ya nyumba nikinoa panga nilipomwona Fundi Oduor anakuja njiani. Hakuwahi kufika kwetu. Alikuwa amevaa shati la kanisani, na chini ya kwapa alibeba kibuyu kipya kitupu. Alimwamkia mama kwa heshima, akakaa, akazungumza habari za mvua, akazungumza habari za ng'ombe, na jasho linamtoka.

"Si kwamba naamini, mama," alisema mwishoni. "Lakini huyu mtu wangu hasimami mahali popote. Akisimama anywe, nami nitapata nafasi ya kusikiliza injini yake."

Mama alikipokea kile kibuyu, akakigeuza, akanusa ndani, akaingia nacho nyumbani. Alipotoka kilikuwa kimejaa mursik nusu.

"Nusu inamtosha kwanza," akamwambia. "Yule mwaka jana alinipita bila salamu. Mwambie hiyo nyingine iko hapa, aje aichukue mwenyewe."